MWENYE MASHINE NA MWENYE MCHEZO

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Muhula huu Chama cha Mdahalo cha shule yetu kilijadili hoja ambayo wengi walidhani ni ya utani. Hoja ilisema hivi: "Kampuni itengenezayo mashine za michezo ya televisheni yafaa iache mashine, ishike kutunga michezo tu, na kuiuza kwa wenye mashine zote." Bwalo lilijaa hata wengine wakasimama madirishani, jambo lisilotokea tulipojadili kilimo cha mtama. Waliounga mkono walisema kwa ukali, na waliopinga wakasema kwa ukali zaidi. Kisha kengele ya kulala ikakaribia, kura zikapigwa haraka haraka, na waliounga mkono wakashinda kwa kura kumi na moja.

Mimi ni katibu wa chama hicho, na kwa desturi yetu katibu huandika maneno ya wenzake wala hasemi lake, na kura hapigi. Usiku ule niliandika kurasa sita. Sasa namwomba Mhariri anipe nafasi niseme langu, maana naona pande zote mbili ziliacha jambo kubwa nje ya mlango.

Kwanza yafaa nieleze mambo machache kwa ajili ya wasomaji wasiocheza, na hasa wazazi wetu ambao hulisoma gazeti hili siku ya mahafali. Mchezo wa televisheni, ambao vijana wa mjini huuita gemu, una sehemu mbili. Kuna mashine, yaani lile sanduku dogo liungwalo na televisheni kwa waya, ambalo mchezaji huliongoza kwa padi aliyoishika mikononi. Na kuna mchezo wenyewe, ambao ni programu iliyoandikwa na watu, ikatiwa katika diski au ikaletwa kwa intaneti. Mashine bila mchezo ni sanduku la plastiki tu. Mchezo bila mashine ni kile kisahani king'aacho ambacho kwetu watu hukitundika shambani ili ndege waogope kula mtama.

Mchezo ulioandikwa kwa ajili ya mashine moja hauchezeki katika mashine nyingine. Mkazi yeyote wa Dodoma aweza kulielewa jambo hili kwa kutazama reli. Reli ya kati ya zamani, ile iliyojengwa na Wajerumani, ina upana wa milimita 1,000. Reli mpya, ambayo ilianza kuchukua abiria kutoka Dar es Salaam mpaka hapa mwaka 2024, ina milimita 1,435. Reli ya TAZARA iendayo Zambia ina milimita 1,067. Behewa la reli moja haliwezi kupita juu ya nyingine, ingawa mzigo ni ule ule na wanaoungoja ni watu wale wale. Ndiyo maana pale Kidatu, mahali TAZARA inapokutana na tawi la reli ya kati, mzigo hauna budi kuhamishwa kutoka behewa hadi behewa. Kazi hiyo ina gharama. Kuuhamisha mchezo kutoka mashine hadi mashine ni vivyo hivyo. Sharti waandishi wa programu wakae miezi mingi wakiupima na kuurekebisha upya.

Makampuni makubwa yenye mashine siku hizi ni matatu. Sony na Nintendo ni za Japani, na Microsoft, yenye mashine iitwayo Xbox, ni ya Marekani. Kila moja hutengeneza mashine, na kila moja hutunga michezo yake ambayo kwa miaka mingi haikuruhusiwa kutoka nje ya ua. Aliyetaka kumcheza Mario ilimbidi anunue mashine ya Nintendo. Aliyetaka mchezo wa Sony ilimbidi anunue PlayStation. Basi hoja yetu iliuliza kama ua huo yafaa ubomolewe.

Msemaji wa kwanza wa upande wa kuunga mkono alitoa mfano wa kampuni ya Sega. Nakubali kwamba ni mfano bora kuliko yote, ila aliupita mbio kwa dakika moja, kama mtu apitaye kaburi usiku. Mimi nitasimama hapo kidogo.

Sega ya Japani ilikuwa na mashine zake kwa miaka mingi, na mchezo wake mashuhuri ulikuwa wa kalunguyeye wa rangi ya buluu aitwaye Sonic, mwenye mbio kuliko treni. Mwezi wa Novemba 1998 ilitoa Japani mashine iitwayo Dreamcast, na mwezi wa Septemba 1999 ikaitoa Marekani. Waliopata kuicheza husema ilikuwa mashine nzuri iliyowahi mno kuzaliwa. Yaani iliweza kuungana na waya wa simu ili mtu wa mji mmoja acheze na mtu wa mji mwingine, wakati ambapo wengi hawajaifikiria habari hiyo. Lakini ilikuwa na adui wawili. Wa kwanza ni kampuni ya Electronic Arts, watungaji wa mchezo wa mpira wa FIFA, ambayo ilikataa kuitungia michezo. Mashine isiyo na FIFA, wasomaji wenzangu, ni duka lisilo na sukari. Adui wa pili ni PlayStation 2, ambayo Sony waliitoa Japani mwezi wa Machi 2000, nayo iliweza kuonyesha filamu za DVD pia. Baba mwenye nyumba aliona kwamba akinunua kitu kimoja, watoto watapata mchezo na yeye atapata sinema.

Tarehe 31 Januari mwaka 2001 Sega ilitangaza kwamba inaacha kutengeneza mashine. Ilikuwa imeuza Dreamcast zipatazo milioni 9. PlayStation 2, mpaka ilipokoma, iliuzwa zaidi ya milioni 155. Mwenyekiti wa Sega wakati huo, mzee Isao Okawa, aliisamehe kampuni madeni iliyokuwa ikidaiwa naye, akaipa na hisa zake zenye thamani ya karibu dola milioni 700 ili isizame. Akafariki mwezi wa Machi mwaka huo huo. Na kabla mwaka haujaisha, Sonic alikuwa anakimbia katika mashine za Nintendo, waliokuwa mahasimu wake tangu utoto. Ili mjue uzito wa jambo hilo, fikirini nahodha wa Simba aingie uwanjani siku ya mchezo mkubwa amevaa jezi ya Yanga, na mashabiki waambiwe wapige makofi. Nao walipiga. Mwaka 2007 Sonic na Mario walitiwa katika mchezo mmoja wa Olimpiki, wakashindana kukimbia bega kwa bega.

Sega haikufa. Mwaka 2004 iliungana na kampuni ya Sammy, na mwaka 2006 ikainunua nyumba ya Uingereza itungayo Football Manager, mchezo ambao ndani yake hupigi mpira bali unakuwa kocha. Mpaka leo inatunga na kuuza kwa wenye mashine zote. "Basi mmeona!" msemaji wetu alisema akigonga meza. "Iliacha mashine ikapona!"

Ni kweli ilipona. Lakini ilipona kama mgonjwa aliyekatwa mguu uliooza. Daktari alifanya vyema kuukata, na mgonjwa alifanya vyema kukubali, na mzee Okawa atakumbukwa kwa kulipia hospitali. Hata hivyo sijasikia daktari anayesimama kando ya uwanja akiwashauri wakimbiaji wazima wakatwe miguu.

Upande wa kupinga nao ulikuwa na shujaa wake, naye ni Nintendo. Kampuni hii ilianza mjini Kyoto mwaka 1889 kwa kutengeneza karata. Mwaka 2006 ilitoa mashine ya Wii, ambayo mchezaji huizungushia mkono hewani kana kwamba ameshika kigoe cha tenisi, nayo iliuzwa zaidi ya milioni 100. Mwaka 2012 ikatoa Wii U, na hiyo haikufika hata milioni 14. Hapo washauri wakawa wengi kama nzi wa msimu wa zabibu. Wakasema Nintendo ifuate njia ya Sega, imweke Mario katika simu na katika mashine za wengine, iachane na masanduku. Mkuu wake, Satoru Iwata, alikataa. Alijikata nusu ya mshahara wake kwa miezi kadhaa mwaka 2014, na mwaka 2015 akakubali kwamba wataleta michezo michache katika simu, lakini mashine hawaiachi. Akafariki Julai mwaka huo huo. Mwezi wa Machi 2017 Nintendo ilitoa Switch, mashine ambayo yachezeka mkononi na katika televisheni pia, na mpaka mwaka 2025 ilikwisha kuuzwa zaidi ya milioni 150. Kama Iwata angewasikiliza washauri, mashine hiyo isingezaliwa.

Wenzetu waliopinga walisema sababu ni moyo na uaminifu kwa kazi. Mimi naona kuna sababu nyingine iliyo rahisi zaidi. Mchezo wa kuzungusha mkono haukuweza kutungwa na mtu asiyekuwa na uwezo wa kuamuru padi iwe ya namna gani. Aliyeutunga na aliyetengeneza padi walikuwa chini ya paa moja. Fundi wa ngoma akiwa ndiye mpigaji, huweza kuwamba ngozi kwa sauti aliyoisikia kichwani mwake. Akiwa mpigaji tu, hupiga ngoma atakayoikuta.

Sasa nafika kwenye lile jambo lililoachwa nje ya mlango. Wasemaji wote wanane walisema kana kwamba kampuni hupata faida yake katika kuuza mashine. Sivyo ilivyo. Mara nyingi mashine huuzwa kwa faida ndogo mno, na nyingine zimepata kuuzwa kwa hasara. Fedha iko katika ushuru. Mtungaji yeyote atakaye mchezo wake uuzwe katika mashine ya mwingine hutoa fungu kwa mwenye mashine, na fungu lililozoeleka katika maduka ya michezo ya intaneti ni karibu asilimia 30 ya bei. Kwa hiyo mashine ni soko. Aliyeijenga ni mwenye soko, na watungaji wengine ni wapangaji wa meza.

Shangazi yangu huuza nyanya na mlenda mkavu katika Soko la Majengo, na tangu nikiwa mdogo namwona akitoa ushuru kila siku, auze asiuze. Wala hamchukii mwenye soko, maana bila paa na bila watu wapitao, nyanya zake zingeoza nyumbani. Lakini mwambie mwenye soko abomoe soko lake, anunue kapu, aje akae kando ya shangazi auze nyanya na kulipa ushuru kwa mwingine! Atakuona umerukwa na akili, isipokuwa katika hali moja tu. Kama soko lake lina meza tatu na mbuzi wawili, wala hapiti mtu, basi ushuru anaoupoteza si kitu, na nyanya zake zitapata wanunuzi zaidi katika soko la jirani. Hiyo ndiyo iliyokuwa hali ya Sega mwaka 2001. Nintendo, hata katika mwaka wake mbaya, ilikuwa na soko jingine lililojaa, yaani mashine yake ndogo ya mkononi iitwayo 3DS. Wawili hawa hawakutofautiana kwa ushujaa. Walitofautiana kwa idadi ya watu waliokuwa wakipita sokoni.

Na kuna wa tatu, ambaye bwaloni alitajwa mara moja tu. Microsoft haikuacha mashine, bali imeanza kupeleka bidhaa zake katika soko la jirani. Mwezi wa Februari 2024 ilitangaza kwamba michezo yake minne itatoka nje ya ua, na mwaka 2025 mchezo wake wa mbio za magari, Forza Horizon 5, ulifika katika PlayStation 5, jambo ambalo miaka kumi nyuma lingechekwa. Sababu yake naiona hivi. Mwezi wa Oktoba 2023 kampuni hiyo ilikamilisha kuinunua Activision Blizzard kwa karibu dola bilioni 69. Mtu aliyenunua mashamba mengi kiasi hicho hawezi kuridhika na soko lake peke yake, hasa ikiwa soko la jirani lina watu zaidi. Lakini nayo ina hatari yake. Aliyenunua Xbox kwa kuwa mchezo fulani haupatikani kwingine sasa anajiuliza alinunua nini. Mnunuzi wa namna hiyo mwaka ujao harudi, na watu wakipungua sokoni, wapangaji nao hufunga meza.

Hata hivyo sikubaliani na waliosema kwamba kufungua mlango ni kujiua. Hapa kwetu tumekwisha kuona. M-Pesa ilipoanza Tanzania mwaka 2008, na wenzake walipofuata, kila kampuni ya simu ilikuwa na ua wake, na kumpelekea fedha mtu wa mtandao mwingine kulikuwa kama kuvuka mpaka. Mwaka 2014 Tigo (ambayo siku hizi yaitwa Yas), Airtel na Zantel zilikubaliana kuunganisha, na Vodacom, aliye mkubwa kuliko wote, akaingia mwaka 2016. Alikuwa wa mwisho kwa sababu alikuwa na cha kupoteza. Soko lake ndilo lililojaa. Akaingia, wala hakufa. Watu waliendelea kubaki kwake kwa sababu ya mawakala wake na mazoea yao, si kwa sababu ya ua.

Lakini yote haya ni hesabu za Japani na Marekani. Mimi jambo lililonifanya nikeshe nikiwaza ni hesabu ya Chang'ombe, hapa hapa Dodoma mjini.

Mjomba wangu ana kibanda cha gemu. Amepanga fremu moja, ndani yake mna televisheni tatu, mashine tatu, mabenchi manne na feni moja. Mechi moja ni shilingi 500, na anayeshindwa humpisha anayengoja. Ada ya Kidato cha Kwanza mpaka cha Nne katika shule za sekondari za serikali haitozwi tangu mwaka 2016, lakini godoro, sare, nauli, sabuni, madaftari na vingine vya mtoto wa bweni havinunuliwi kwa shukrani. Vyangu vyote, tangu Kidato cha Kwanza, vimetoka katika shilingi mia tano tano za kibanda kile. Ndiyo maana sikuweza kucheka wengine walipocheka hoja.

Katika likizo mimi hukaa kibandani, nikipokea fedha, nikinunua umeme wa LUKU, na kuamua ugomvi juu ya nani aliyegusa padi ya mwenziwe. Kwa miaka yote hiyo sijamwona mtoto hata mmoja akiomba mchezo wa ndani ya ua, yaani mchezo ambao Sony au Nintendo au Microsoft wameutunga ili kuvutia watu kwenye mashine zao. Wanachotaka ni mpira. Na mpira hutungwa na wapangaji wawili wasio na mashine: Electronic Arts, ambao mwaka 2023 waliliacha jina la FIFA wakauita EA Sports FC, na Konami ya Japani, watungaji wa PES, ambao mwaka 2021 waliupa mchezo wao jina la eFootball na kuutoa bure. Wenye mashine hubishana juu ya ua zao, lakini benchi letu limejazwa miaka yote na wapangaji.

Na kuna jambo jingine ambalo watu wa nchi zenye fedha hawalioni haraka. Mwenye mashine hutaka uitupe ya zamani ununue mpya, maana asipofanya hivyo soko lake jipya litakuwa tupu. Mpangaji hana haraka hiyo. Mradi kuna watu wenye mashine ya zamani, yeye atawaletea bidhaa. Sony waliacha kutengeneza PlayStation 2 mwanzoni mwa mwaka 2013, ikiwa na umri wa miaka 12 na zaidi. Lakini mwishoni mwa mwaka huo huo FIFA 14 na PES 2014 zote mbili zilitoka pia kwa PlayStation 2. Mwenyewe alikwisha kuizika, na wapangaji walikuwa bado wakileta nyanya kaburini! Ndizo diski ambazo mjomba alianzia nazo kazi. Vivyo hivyo FC 26, iliyotoka mwaka 2025, ilitolewa pia kwa PlayStation 4, mashine ya mwaka 2013. Katika nchi ambapo mashine hufika mkononi mwetu ikiwa imekwisha kuchezewa na watu watatu Ulaya, subira hiyo ya mpangaji ndiyo mkate wetu.

Mtu aweza kusema, "Basi wewe unaunga mkono hoja. Wote na wawe wapangaji." La, hasha. Wote wakiwa wapangaji, nani atajenga soko? Na wakiacha wote isipokuwa mmoja, huyo mmoja atapandisha ushuru apendavyo, na ushuru ukipanda kwa mtungaji hupanda kwa mjomba, na ukipanda kwa mjomba hupanda kwa mtoto mwenye shilingi mia tano. Sega ilipoondoka ilijiokoa, lakini wachezaji tulipungukiwa na soko moja.

Kwa hiyo kama katibu angekuwa na kura, ningalikata hoja vipande viwili. Neno "iache mashine" ningalilipinga, isipokuwa kwa kampuni ambayo soko lake limekwisha kuwa jangwa. Neno "iuze kwa wote" ningaliliunga mkono, kwa masharti ya muda. Njia inayonipendeza ni ile ambayo Sony wenyewe wamekuwa wakiijaribu kwa upande wa kompyuta. Mchezo wao wa Horizon Zero Dawn ulitoka mwaka 2017 kwa PlayStation peke yake, na mwaka 2020 ukaruhusiwa katika kompyuta. God of War ulitoka mwaka 2018 na ukaruhusiwa mwaka 2022. Mchezo hukaa nyumbani ukiwa mpya, ukiwavuta watu sokoni, kisha umri wake ukifika hupewa ruhusa ya kutembea. Miaka mitatu au minne mimi naiona ni mirefu, miwili ingetosha. Lakini mwendo wenyewe ni wa akili. Mchezo uliozuiwa ndani ya mashine huzeeka pamoja na mashine, na wakati mwingine huzikwa nayo.

Jambo hili lilinifika kwa njia ya swali. Katika likizo iliyopita mjomba alikuwa ameweka akiba, akaniita nyuma ya kibanda akaniuliza, "Mjomba, wewe ndiye msomi wetu. Ninunue PlayStation 5 moja mpya, au hizi mashine zinakwisha?" Alikuwa amesikia kwa wateja kwamba michezo ya Xbox imehamia kwa jirani, na kwamba muda si mrefu kila kitu kitakuwa katika simu. Alikuwa na sababu ya kuogopa. Kwa kuwa eFootball ni ya bure na inachezeka katika simu, vijana wengine siku hizi huja kibandani wakakaa katika benchi letu, chini ya feni yetu, wakacheza katika simu zao wenyewe, tena wameitia chaji katika soketi yetu. Fedha ya fremu, ya feni na ya soketi anatoa mjomba. Wao hutoa jasho tu.

Nilimweleza habari za Sega na Nintendo na za shangazi na nyanya zake, na akiba yake nikaigawa hivi: asinunue moja mpya, anunue PlayStation 4 mbili zilizotumika pamoja na televisheni moja, kwa kuwa wapangaji wa mpira bado wanaileta bidhaa yao huko, na mechi mbili kwa wakati mmoja ni shilingi 1,000 wakati mechi moja yenye picha safi zaidi ni shilingi 500 ile ile. Kuhusu simu nilimwambia kwamba mtu hucheza simu peke yake, lakini kumfunga rafiki mabao matatu mbele ya benchi lililojaa watu hakupatikani katika simu.

Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Akazinunua zile mbili wiki iliyofuata, kwa mtu wa Area C aliyekuwa akihama. Kisha akauliza swali moja ambalo msemaji yeyote bwaloni hakuliuliza: "Na wale wa soketi, mjomba, hao nao si wapangaji?" Siku ya pili alichukua kipande cha boksi na kalamu ya wino mzito, akaandika na kukitundika juu ya soketi: KUCHAJI SIMU SH. 200. Niliporudi shuleni kilikuwa bado kinaning'inia, na kwa siku zile nilizohesabu mimi mwenyewe, kilikuwa kimekwisha kulipia umeme wa mashine moja.